Wito kwa Majirani wa Kitale na Bungoma Kuhusu Bunduki

Ndugu zangu wa Endebess na Kwanza mlio karibu na mpaka, ndugu zangu wa Cheptais na Kopsiro ambao wengine wenu hamjui hadi leo wapendwa wenu wamelala wapi, naomba masikio yenu. Kuna jambo tunalolinong'ona baada ya baraza kuvunjwa na chifu kuondoka: nani miongoni mwetu aruhusiwe kuwa na bunduki, na nani asiruhusiwe. Wakati umefika wa kulisema baraza likiwa bado limekaa.

Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki silaha. Wamarekani waliiandika haki hiyo katika katiba yao mwaka 1791 na bado wanaibishania. Kwetu bunduki ni ruhusa, na hutolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa mtu mwenye sababu nzuri, mwenye akili timamu, asiye mlevi, na ambaye silaha yake haitahatarisha usalama wa umma. Haki iliyoandikwa katika Katiba yetu iko Kifungu cha 29: kila mtu asitendewe ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Sisi wa huku tumeonja ukatili wa aina zote mbili.

Wapo wanaoomba ruhusa hiyo kwa nia safi, nami siwalaumu. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka na wanajeshi wake kutoroka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Bunduki zikatapakaa Karamoja, nyingine zikavuka hadi Pokot na Turkana, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa risasi. Trans Nzoia iko mlangoni pa eneo hilo. Mkulima aliyeamka akakuta zizi tupu usimwambie kwamba hofu yake ni ya bure. Anajua alichokiona.

Lakini tunajua pia mambo huishia wapi kila upande ukijitafutia ulinzi wake. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk, huko Mlima Elgon, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF), lililochukua silaha mwaka 2006 likidai kutetea ardhi ya Wasabaoti. Kufikia 2008, mashirika ya haki za binadamu yalisema kundi hilo limeua zaidi ya watu 600. Watu walikatwa masikio. Familia zilitozwa kodi kwa mtutu wa bunduki, na Wasabaoti wenyewe hawakusazwa. Maelfu waliacha mashamba yao na kukimbia. Kisha Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa kwa wingi, wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakapigwa na kuteswa. Wako ambao hawajarudi. Zipo nyumba mlimani zilizoumizwa na kundi, kisha zikaumizwa tena na waliokuja kuziokoa.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kila mtu ajiwekee bunduki yake, wala na anayetaka wananchi wanyang'anywe silaha kisha waachwe peke yao gizani. Anayesalimisha bunduki lazima apate ulinzi siku hiyo hiyo, na anayekuja kuikusanya aje bila kiboko.

Wewe mwenye cheti, ninakuheshimu. Ifungie bastola yako mahali ambapo mtoto hafiki. Usiende nayo baa. Usimwazime mlinzi wa usiku hata kama ni mtu wa ukoo wako, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye cheti ni lako. Serikali ilipowaita wamiliki wote kuhakikiwa upya, Desemba 2018, wengine waliona wamedhalilishwa. Naomba tulitazame kwa jicho la jirani: mtu anayelala ng'ambo ya ua wako ana sababu ya kutaka kujua kwamba aliyehakikiwa miaka kumi iliyopita bado ni mzima wa akili na mwili.

Na kuna jambo ambalo halisemwi kabisa. Mzee akifa, tunagawana shamba, ng'ombe na hata redio, lakini bunduki inabaki juu ya kabati ikisubiri wana wagombane. Mama uliyefiwa, cheti cha marehemu hakikuhusu wewe wala kifungua mimba wako. Mwite mzee wa ukoo na mtu wa kanisa au msikiti, mwende pamoja kituo cha polisi, muikabidhi na muombe barua ya kuthibitisha mmeikabidhi.

Wewe uliyeficha bunduki darini au chini ya mahindi, najua unaogopa mambo mawili: wavamizi, na polisi. Usiende peke yako. Pitia kwa chifu unayemwamini, kwa padri, pasta au imamu, au kwa kamati ya amani. Novemba 2016 serikali iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong. Ni nyingi, ila utafiti wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na kati ya 530,000 na 680,000. Zilizochomwa hazifiki hata moja katika kila mia. Nyingine ziko majumbani, na baadhi ya majumba hayo ni yetu.

Serikali nayo ina deni. Polisi wa akiba wafunzwe, walipwe, na kila risasi wanayopewa iandikwe. Simu ya kuomba msaada ikipigwa usiku kutoka Kwanza, gari lije usiku huo, lisingoje kukuche.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, gavana akiwa mwenyekiti, na ndani yake wawepo wananchi wanaowakilisha wanawake, vijana, wafanyabiashara na watu wa dini. Nendeni katika ofisi ya gavana, Kitale na Bungoma. Ulizeni kwa adabu ni nani anakaa pale kwa niaba yenu, wamekutana lini mara ya mwisho, na walisema nini kuhusu bunduki. Kama kuna kiti kilicho tupu, pelekeni jina.