Nafasi ya Kumi na Sita ni ya Nani?

Kuna mambo ambayo watu huyatazama kwa macho mawili mawili na bado wakazozana. Mojawapo ni hili la kijana mdogo kupewa nafasi ya mwaliko, ambayo wenye michezo huiita waildikadi, katika mbio za pikipiki za spidiwei zinazochezwa kwenye kompyuta. Wakubwa husema kijana apige foleni kama wengine. Vijana nao husema foleni yenyewe haisongi. Leo nataka kutoa maoni yangu bila kuuma maneno.

Kwanza kabisa, spidiwei ni nini? Ni mbio za pikipiki zinazopendwa mno huko Polandi, Uingereza, Denmaki na Uswidi. Pikipiki hizo zina gia moja tu, wala hazina breki! Waendeshaji wanne huzunguka uwanja mara nne, wakikata kona kwa kuteleza, kushoto siku zote. Wa kwanza hupata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hutoka mikono mitupu. Ubingwa wa dunia umekuwa ukiwaniwa katika mfululizo wa mashindano uitwao Grand Prix tangu mwaka 1995. Kwa miaka mingi waendeshaji wa kudumu wamekuwa 15, na nafasi ya 16 huachiwa waandalizi wa nchi mwenyeji wamtaje wamtakaye. Wanaoigiza mbio hizi kwenye kompyuta hupenda kufuata kanuni za zile za kweli. Basi pamoja na kanuni, wakarithi na ugomvi.

Wapinzani wa vijana wana hoja tatu. Ya kwanza ni umri. Ati mtoto asitiwe katika vita vya wakubwa. Katika spidiwei ya kweli hoja hii ina uzito, kwani pikipiki isiyo na breki haimbembelezi mtu, na mifupa huvunjika. Lakini hebu niulizeni, nani amewahi kuvunjika mguu ndani ya kompyuta? Kijana akianguka hubonyeza kitufe akaanza upya. Hatari imeondoka, na hoja imeondoka nayo.

Tena hata pale penye hatari, vijana wameaminiwa na hawakuaibisha. Mwaka 1995 alizaliwa huko Polandi mtoto aitwaye Bartosz Zmarzlik. Mwezi Juni mwaka 2012, akiwa na miaka 17 tu, alipewa nafasi ya mwaliko katika Grand Prix iliyofanyiwa mjini Gorzów, uwanja wa klabu yake mwenyewe. Ungedhani ni upendeleo wa mwana wa nyumbani, sivyo? Kijana alimaliza wa tatu! Mwaka 2014, akiwa na miaka 19, alialikwa tena papo hapo, akawashinda wote. Mwaka 2016 aliingia msimu mzima kama mwendeshaji wa kudumu, na kufikia mwaka 2025 alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara 6. Kweli, nyota njema huonekana asubuhi, lakini ni lazima awepo wa kufungua dirisha.

Hoja ya pili ni kwamba kijana hakuitolea jasho nafasi hiyo. Hapa wapinzani wanachanganya mambo. Nafasi 15 ni za jasho, na hakuna anayezigusa. Ile ya 16 haikuwahi kuwa ya jasho tangu mwanzo. Iliwekwa makusudi iwe ya mwaliko. Aliyemaliza wa 16 katika mchujo akilia kwamba ameibiwa, ni sawa na mgeni kulilia kiti ambacho hakikuwa na jina lake. Isitoshe, jasho la kompyuta halipimwi sawasawa. Mwenye mashine yake nyumbani hujizoeza usiku kucha. Sisi wengine huipata kompyuta kwenye saiba, kwa kulipia dakika, na dakika zikiisha skrini huzimika hata kama umebakisha kona moja. Mtu wa namna hiyo atakusanya lini alama za msimu mzima? Kwake yeye, nafasi ya 16 ndiyo mlango pekee.

Hoja ya tatu nakiri ni nzito. Wanasema mgeni wa siku moja huharibu hesabu. Yeye hawanii taji, lakini akimpita anayewania, anamnyang'anya alama. Ni kweli. Lakini tazameni mpango wa mbio zenyewe. Katika ule mtindo wa kawaida wa mbio 20 kwa watu 16, kila mmoja hukimbia mara 5, na kila mmoja hukutana na kila mwenzake mara moja tu, wala si zaidi. Kwa hivyo kila mwendeshaji hukutana na mgeni mara moja. Ikiwa ni msumari, umewachoma wote sawa.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanaolalamika wana haki katika jambo moja, nalo ni jinsi kijana anavyochaguliwa. Mwaliko ukitolewa gizani, hata anayestahili huonekana mwizi. Sisi Wakenya si wageni wa kelele hizi. Mwaka 2012 timu ya wanaume ya marathoni ya kwenda Olimpiki ya London ilipotajwa, Patrick Makau, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 3 na sekunde 38, hakuwemo. Geoffrey Mutai, mshindi wa Boston na New York mwaka 2011, pia aliachwa. Watu walinung'unika mitaani, kwani wengi hawakujua kipimo kilichotumika.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Mosi, kipimo kitangazwe kabla ya majina. Kompyuta huwapa wote uwanja uleule na pikipiki ileile, basi vijana wote wapewe mizunguko minne, na muda wa kila mmoja ubandikwe wazi. Pili, anayechagua asiwe ndugu wala rafiki wa anayechaguliwa. Tatu, kijana asialikwe zaidi ya mara mbili. Baada ya hapo apigane mchujoni kama wengine, maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nne, kijana aonekane kwa kamera akicheza. Msicheke! Mwezi Mei mwaka 2020, wakati korona ilikuwa imefunga viwanja, dereva Daniel Abt wa Formula E alimweka mtu mwingine amchezee mbio za kompyuta. Alipogunduliwa aliondolewa katika matokeo, akaamriwa kutoa yuro 10,000 kwa wahitaji, na timu yake ikaachana naye. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye jina. Basi udanganyifu si ugonjwa wa vijana.

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, jambo hili haliishii kwenye kompyuta. Kila timu ina mtu wa akiba, na kila kwaya ina nafasi moja ambayo mwalimu humpa amtakaye. Nafasi hiyo ikipewa yule yule wa kila mwaka, itazaa nini? Mpeni chipukizi, lakini mwambieni kila mtu kwa nini amepewa. Nanyi chipukizi mkishapewa, msiende kupiga picha. Endeni mkaendeshe, ili waliopinga wanyamazishwe na alama zenu.

Udongo uwahi ungali maji.