TAHARIRI: FERI WAKATI WA MASIKA



Masika ni wakati wa taabu kwa mtu anayelala Likoni na kufanya kazi Mbaraki. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Mvua ikinyesha alfajiri, njia hujaa matope, matatu hupungua, na watu wote hufika kivukoni kwa mpigo mmoja. Mlango ukifunguliwa kila mtu hukimbia, maana zamu inamngoja ng'ambo. Na pengine feri yenyewe huzuiliwa ili meli kubwa ipite kuingia Kilindini, meli hiyo hiyo ambayo wengine wetu wanakimbilia kwenda kuipakua!

Maji yale hayana upana wa kutisha, ni kama nusu kilomita tu. Lakini udogo wa maji haumwokoi mtu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa kama mita 40 kutoka ukingoni. Ilijengwa kuchukua watu 300, nayo ilikuwa na watu wapatao 400. Waliokufa walikuwa 272, na wengi wao walikuwa wakienda kazini. Vivyo hivyo katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kufika Ukara, nayo ilikuwa imezidishiwa watu. Walikufa zaidi ya 200.

Kila baada ya msiba kama huo watu husema kwamba abiria wana haraka. Ni kweli, wana haraka. Lakini yatupasa kuuliza haraka hiyo imetoka wapi. Hakuna mtu anayependa kubanwa kama tende kapuni katika mvua. Mfanya kazi hujisukuma ndani ya feri iliyokwisha kujaa kwa sababu anajua kwamba akichelewa nusu saa atarudishwa langoni, na mshahara wa siku umekwenda. Basi ule msongamano wa kivukoni huanzia kwenye daftari la karani wa zamu.

Juu ya jambo hili kila mwanachama aijue haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku kwa siku ambayo mtu hakuwapo kazini siku nzima, bila ruhusa wala sababu ya halali. Siku nzima, ndugu zangu! Haikusema nusu saa. Mtu aliyechelewa, kisha akafanya kazi yake mpaka jioni, haifai kabisa kukatwa siku nzima.

Lakini kifungu hicho hakimfai sana ndugu yetu kibarua. Yeye hakatwi kitu. Akichelewa huambiwa nafasi zimejaa, arudi kesho. Naye ndiye anayeruka wa kwanza feri inapotaka kuondoka. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi, ni lazima tupatane na waajiri.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, katika miezi ya masika zamu za asubuhi zisianze zote saa moja, bali ziachane, ili watu wasifike kivukoni wote pamoja. Pili, feri ikizuiliwa au ikiharibika, wawakilishi wa kazi waarifu, na langoni watu wangojewe kwa muda utakaopatanwa. Tatu, vibarua wasiandikwe wote kabla ya muda huo kwisha. Mambo haya hayamgharimu mwajiri pesa nyingi. Msiba mmoja unagharimu zaidi.

Na sisi wenyewe tunalo la kufanya. Tukivuka kwa kikundi, ama kwa kazi, ama kwa mazishi na harusi upande wa Diani au Msambweni, tuwe na mtu mmoja wa kutuhesabu na kutuongoza. Feri ikijaa, kikundi kizima kingoje nyingine. Mtu mmoja akibaki nyuma ataitwa mzembe, lakini watu thelathini wakibaki pamoja, mwajiri hana budi kuwasikiliza. Tena tusikusanyike upande mmoja wa feri kwa kutaka kushuka wa kwanza.

Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa umoja, na kazi za bandari zikasimama. Leo hatuombi kusimamisha bandari. Tunaomba kuacha feri moja ipite, na kupanda ya pili, bila kupoteza chakula cha watoto.

Wawakilishi wa kila zamu waandike majina ya waliorudishwa langoni kwa sababu ya feri, pamoja na tarehe na saa, wayalete kwa karani wa chama. Tukienda mbele ya waajiri mikono mitupu hatutapata kitu.

Mhariri