Ushuru wa Nyumba Ulishuka, Kodi Ikapanda. Nani Alibaki na Tofauti?

Januari 2024, mmoja wetu hapa ofisini alipata meseji kutoka kwa msimamizi wa ploti anayokaa. Bedsita yake ilikuwa shilingi 8,500. Meseji ilisema hivi: kwa sababu ya ushuru mpya wa serikali, kuanzia mwezi ujao kodi ni 10,000. Salamu, asante kwa kuelewa.

Shida ni kwamba mwezi huo huo ushuru wa nyumba za kupangisha ulikuwa umeshuka.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kwa maneno. Kiswahili kinatumia "kodi" kwa vitu viwili, na watu wengi huchanganyikiwa hapo. Kwenye makala hii kodi ni ile unayolipa mwenye nyumba, ushuru ni ule unaoenda KRA.

Ushuru wenyewe ni upi? Tangu Januari 2016, mwenye nyumba za kuishi hulipa sehemu ya kodi anayopokea kila mwezi. Ulianza kwa asilimia 10, kwa anayepata kati ya shilingi 144,000 na milioni 10 kwa mwaka. Januari 2021 mipaka ikasogezwa, ikawa 288,000 hadi milioni 15. Halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikashusha kiwango hadi asilimia 7.5, kuanzia Januari 2024.

Sasa turudi kwa ile bedsita ya 8,500. Kwa kiwango cha zamani ushuru wake ni shilingi 850. Kwa kiwango kipya ni 637 na senti 50. Mwenye nyumba aliongezewa zaidi ya shilingi 200 kwa kila chumba, bila kufanya chochote. Na bado meseji ikaja.

Labda utasema, pengine hakuwa analipa kabisa hapo awali na sasa ameamua kulipa. Sawa, tumpe hiyo nafasi. Hata kama angeubeba ushuru wote na kumtwika mpangaji ili yeye abaki na 8,500 zake kamili, kodi ingefika karibu 9,190. Haifiki 10,000. Hizo 810 zilizobaki, nyingi si za KRA. Ni zake.

Hatusemi mwenye nyumba hana haki ya kupandisha kodi. Maji yamepanda, stima imepanda, mafundi wamepanda. Tunachosema ni kwamba ushuru umegeuzwa kisingizio, na kisingizio hicho kinafanya kazi kwa sababu wapangaji wengi hawajui hesabu yake. Mtu akisikia neno "serikali" anaona hakuna wa kubishana naye.

Na sheria haitakubeba sana. Rent Restriction Act, ile inayodhibiti kodi, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nairobi au Mombasa, ni wangapi kati yetu wako hapo? Sisi wengine tunategemea mkataba tuliosaini, kama tulisaini, na maongezi mazuri.

Lakini wacha tuvuke upande wa pili wa geti, kwa sababu huko pia kuna mtu anaumia.

Chukua mama mstaafu mwenye vyumba kumi vya shilingi 6,000. Anapokea 60,000 kwa mwezi. Alijenga kwa mkopo wa benki na analipa 35,000 kila mwezi, ambapo 22,000 ni riba. Msimamizi, takataka, mabomba na rangi vinakula kama 8,000. Mfukoni amebaki na 17,000. Ushuru wa asilimia 7.5 haukatwi kwa hizo 17,000. Unakatwa kwa 60,000 nzima, kwa sababu sheria haimruhusu kuondoa gharama yoyote kwanza. Analipa 4,500 na kubaki na 12,500. Jirani yake aliyerithi ploti kama hiyo bila deni hata la shilingi moja analipa hizo hizo 4,500. Je, hiyo ni haki? Sisi hatuoni hivyo. Serikali iliposhusha kiwango ilimsaidia kila mtu kidogo. Ingeruhusu riba ya mkopo iondolewe kwanza, ingemsaidia aliyebanwa zaidi, na huyo ndiye mwenye sababu kubwa ya kumpandishia mpangaji kodi.

Kuna mlango mmoja ambao wenye nyumba wengi hawaujui. Unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA ukaomba kutoka kwenye huu mpango wa kila mwezi, ukawa unatozwa ushuru wa kawaida wa mapato kwa mwaka, na gharama zako halali kama riba na ukarabati zikaondolewa. Kwa yule mama, kama hana mapato mengine, anaondoa 22,000 za riba na 8,000 za matumizi. Inabaki 30,000. Kwa viwango vya kawaida ushuru wake ni 3,900, na akipata nafuu ya kila mlipaji ya 2,400, analipa 1,500 kwa mwezi badala ya 4,500. Hizo ni 36,000 kwa mwaka.

Usikimbilie lakini. Kama umeajiriwa na mshahara wako tayari unakatwa asilimia 30, kodi ya nyumba inaongezwa juu ya mshahara. Hapo kutoka kunakufaa tu gharama zikizidi robo tatu ya kodi unayopokea. La sivyo baki na 7.5 yako.

Na mlango huo haufunguki bila karatasi. KRA ikitaka kuona gharama, "fundi nilimlipa mkononi" si jibu. Rekodi unatakiwa kuzitunza miaka mitano.

Tunajua swali ambalo wenye nyumba hutuuliza wakituona tunasukuma malipo ya simu. Nikipokea kodi kwa Paybill au Till, KRA wataona? Jibu la ukweli: KRA wana uwezo kisheria wa kudai rekodi za mtu, na wakidai kwa njia halali, rekodi zipo. Tungekuwa waongo kukuambia vinginevyo. Ila cash haikufichi vile unavyofikiri. Nyumba ya ghorofa nne haifichiki, na wapangaji ishirini wana midomo. Tofauti ni kwamba siku ya maswali, mwenye cash hana cha kuonyesha, hata pale ambapo rekodi ingemtetea: mwezi vyumba vitatu vilipokuwa vitupu, au mpangaji alipohama usiku na deni. Mwezi usipopokea kodi yoyote bado unatakiwa kuwasilisha ritani ya sufuri. Ukichelewesha ritani, faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, chochote kilicho kikubwa. Tarehe ya mwisho ni 20 ya mwezi unaofuata. Tenga laini moja au Till moja ya kodi tu, isichanganyike na hela za chama na za shule, na tarehe 20 haitakusumbua.

Tukiri na letu pia. Julai 2023 ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15, na aliyeulipa ni mteja. Huo unakatwa kwa ada, si kwa kodi ya nyumba unayotuma, lakini ni senti zako. Kwa hivyo hatuna midomo misafi ya kuwaambia wenye nyumba wasisukume ushuru mbele. Tunachoweza kufanya ni kuonyesha ada kabla hujabonyeza, na ndicho tunachowaomba nao: mpangaji aone hesabu.

Ukipata meseji kama ile, usijibu kwa hasira. Zidisha kodi yako kwa 0.075, uone nyongeza inalingana au la, kisha uulize. Kodi lipa kwa simu, na kwenye nafasi ya akaunti andika nambari ya nyumba na mwezi.

Mwenzetu alifanya hivyo. Alimwandikia msimamizi, "Shikamoo mzee, nimepiga hesabu ya ushuru naona ni 637, tena umepungua. Hii 1,500 ni ya nini?" Siku mbili kimya. Ya tatu akapigiwa simu na mwenye nyumba mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Pampu ya kisima ilikuwa imeungua, akakopa kununua nyingine. Ushuru haukutajwa tena. Walikubaliana 9,000 kuanzia Machi, na risiti kila mwezi.