Uanagenzi wa Chekechea na Sisi Watu wa Fasihi

Katika mikutano ya chama chetu hakukosekani msemaji wa kulalamika kwamba Kiswahili cha Nairobi kimeharibika. Hulaumiwa matatu, hulaumiwa redio, hulaumiwa Sheng. Nami nimewahi kulalamika hivyo, tena kwa ufasaha mwingi. Maoni yangu sasa ni kwamba lawama hiyo hatustahili kuitoa sisi tusiowahi kuketi na mtoto wa miaka minne anapojifunza kusema, na kwamba idara zetu za Kiswahili zingefanya vyema kuwapeleka wanafunzi wao uanagenzi katika shule za chekechea, hasa zile za Kibera na Kawangware.

Nasema haya kwa sababu nilikwenda. Niliomba nafasi ya majuma manane katika chekechea moja ya mabati huko Kibera, karibu na reli, nikitarajia kukusanya data za tasnifu. Mwalimu mwenye darasa, mama wa makamo, alilitazama daftari langu akanipa kata ya uji. "Kijana wangu," akasema, "wa chuo wote huja na daftari. Wewe anza na vikombe."

Basi nikaanza na vikombe. Nilifunga kamba za viatu, nikafuta makamasi, nikatandika mikeka ya usingizi wa mchana. Nilijifunza pia kwamba gari moshi linapopita hakuna somo linaloendelea, na kwamba mwalimu mwenye busara hulingoja lipite badala ya kushindana nalo. Siku nilipopewa nafasi ya kusimulia, nilimleta Sungura na Fisi kwa fomula zote za ufunguzi tulizofunzwa katika fasihi simulizi. Kabla Fisi hajatokea, nusu ya hadhira yangu ilikuwa imegeuka kuchezea vizibo vya chupa. Mtu aweza kuchambua mtendaji na hadhira kwa kurasa thelathini na bado asijue la kufanya hadhira inapompa kisogo.

Jambo lililonifunza zaidi lilitokea msimu wa mvua. Mtoto mmoja alinijia asubuhi akasema, "Ticha, kwetu kumeingia maji mingi." Nikamjibu kwa upole, "Maji mengi." Alinitazama, akaenda zake, wala hakunisemesha siku hiyo wala iliyofuata. Nilipomweleza yule mama, alicheka kidogo kisha akanyamaza. "Alikuwa anakwambia nyumba yao imefurika," akasema, "wewe ukasikia ngeli." Alimwita mtoto akamwuliza, "Maji mengi yaliingia? Yalifika wapi?" Mtoto akaeleza yote: godoro, jiko, mdogo wake aliyewekwa juu ya meza. Hakusema "mengi" hata mara moja. Nilikuja kumsikia akilitamka baada ya majuma mawili hivi, na alikuwa akimsimulia mwenzake, si mimi.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya walimu wa chekechea, si ya wanafasihi. Lakini na tuitazame sera yenyewe. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, haukuuacha msimamo huo. Kibera, ambako Wanubi walianza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20 na ambako leo mtoto wa Kinubi hucheza na wa Kijaluo, wa Kiluhya na wa Kikamba, lugha ya eneo ni ipi kama si Kiswahili? Hata hivyo, chati ukutani ni za Kiingereza, zenye tufaha ambalo wengi wa watoto hao hawajalionja. Sithubutu kuwacheka wazazi. Mama wa Kawangware anayevuka barabara alfajiri kwenda kufua nguo Lavington husikia watoto wa huko wanavyozungumza, naye anajua ni lugha ipi itakayomfungulia mwanawe milango. Kosa si lake. Ni nani aliyempa kitabu cha Kiswahili cha kumshawishi?

Swali hilo niliulizwa kwa namna nyingine huko huko Kawangware, nilipozuru chekechea ya pili. Nilimkuta msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwanagenzi wa kweli: muhula mzima husaidia darasani, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba huenda kusomea cheti, kwa utaratibu ambao walimu wengi wa chekechea wamepitia tangu miaka ya 1980. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, ila shule yake ni ya mtu binafsi. Ada isipolipwa, naye halipwi. Aliniuliza, "Huko chuoni mnaandika hadithi za watoto?" Nikamjibu kwamba tuna kozi ya fasihi ya watoto. "Nimeuliza kuandika," akasema.

Kwa hakika hatuandiki. Tunahakiki. (Wimbo wa ukuti bado unaimbwa na watoto ambao hawajauona mnazi, nao wanaufurahia, siombi uondolewe, naomba upate wenzake.) Mapendekezo yangu si makubwa. Kila mwanafunzi anayechukua kozi hiyo na akae muhula mmoja katika chekechea, chini ya mwalimu wa pale, na sehemu ya alama zake itokane na hadithi au nyimbo alizozitunga na kuzijaribu mbele ya watoto wenyewe. Asichukue nafasi ya yule msichana, wala asifanywe kisingizio cha kutomlipa. Alama atoe mhadhiri, lakini mwalimu wa chekechea aulizwe kwanza.

Mimi niliandika tatu. Zimo katika daftari la yule msichana wa Kawangware. Ameniarifu kwamba moja, ya kuku aliyepanda gari moshi, huombwa kila Ijumaa. Mbili watoto wamezikataa.