Mkwaju wa Katabi nao ni picha

Mwandishi wa makala, hongera kwa kutufungulia thangka, zile picha za ibada za Tibeti. Hapo kwa Buddha anayegusa ardhi kwa mkono wa kuume, kuifanya shahidi wake, nimesoma mara mbili. Ila uliposema imani isiyo na sura ya kuchora haina alama, hapo hatuko pamoja. Mimi ni wa Mpanda. Miaka ya nyuma nilimsindikiza babu mpaka kwenye ule mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako Wabende wanasema ndiko inakokaa roho ya Katabi, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi imepata jina kwa roho hiyo. Sikuona sanamu wala rangi. Shinani kulikuwa na sarafu zilizoshika kutu na unga uliokwisha kuvamiwa na siafu. Babu akavua viatu, akainama, akaweka chake, hakugeuka nyuma. Mti wenyewe ndio picha! Na Wabuddha nao walipita huko huko: kwenye malango ya mawe ya Sanchi, India, yapata miaka 2,000 iliyopita, Buddha hana sura. Utaona mti, nyayo, gurudumu, kiti kitupu, na watu wamekutanisha viganja mbele ya alama hizo. Mti huo wa bodhi ni jamii moja na mikuyu yetu hii. Na wewe msomaji mwenzangu uliyeandika kwamba mambo ya mkwaju ni ushamba, mbona ya Sanchi unayaita sanaa?