Kwa Masista au kwa Leta?



Mwezi wa Septemba ukikaribia, wazazi hutuuliza sisi makatekista: "Mwalimu, mtoto nimwandikishe kwa Masista au kwa Leta?" Wanatazamia jibu moja tu. Nami niliyesomea ualimu naona vigumu kulitoa upesi.

Katika Kongo yetu, shule nyingi tunazoziita za Kikatoliki ni za Serikali pia. Serikali ilizitwaa shule za misioni mwaka 1974; kisha, kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, ikayarudishia makanisa uendeshaji wake. Ndiyo maana huitwa "konvansione". Kanisa husimamia, lakini programu ya masomo ni ya Taifa, walimu waliosajiliwa hulipwa na Serikali, na mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari ni uleule kwa wote. (Shule za binafsi za Kikatoliki ni jambo lingine, na karo zake pia.)

Basi tofauti ya elimu tuitafute wapi? Katika daftari. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha daftari la hesabu la binti yake, mwanafunzi wa shule yenye jina la mtakatifu: kurasa nyingi, wala alama moja ya kalamu nyekundu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mwalimu aliyelemewa hashiki kalamu, awe kwetu au kwa Leta. Lakini kila asubuhi binti huyo alikuwa akiipita shule ya ofisiyeli ambayo direkta wake huingia darasani kusikiliza masomo, na madaftari husahihishwa.

Sikatai faida ya shule zetu: nidhamu, saa ya dini, direkta anayewajibika pia kwa ofisi ya jimbo. Pale zinapofanya kazi, mpelekeni mtoto bila kusita. Ila tusimnyime hesabu kwa kisingizio cha sala. Sala ni deni letu sisi makatekista, na la nyumbani kwenu.

Wengi wenu ndio mnaotumwa kuwaandikisha wadogo zenu. Kabla ya kutoa pesa, ombeni kuona daftari la mtoto wa jirani anayesoma pale. Hesabuni wanaoketi kwenye benchi moja. Ulizeni mwalimu alikosa siku ngapi muhula uliopita, hata kama direkta atakunja uso.

Binti yule sasa anasoma ofisiyeli. Katekisimu anaifuata kwangu, Jumamosi saa tisa.