Jina kubwa la chuo halimlishi mwanafunzi

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, Sandoa hubadilika rangi. Poda nyeupe inamwagwa vichwani, nyimbo zinaimbwa hadi usiku, na hata jirani asiye na mtoto shuleni anakuja kucheza. Furaha hiyo ni halali. Ila baada yake kuna swali ambalo familia nyingi hulijibu mbiombio: sasa mtoto aendelee wapi?

Jibu la kwanza karibu kila nyumba ni Lubumbashi. Si ajabu. UNILU ni chuo cha zamani, kilianzishwa mwaka 1955 wakati wa Wabelgiji, kikaunganishwa na vyuo vingine vikubwa vya inchi mwaka 1971, kisha kikasimama tena peke yake mwaka 1981. Madaktari, wanasheria na wahandisi wengi wa Katanga ya zamani walipita pale. Mzazi akisema kwenye msiba au kanisani kwamba mtoto wake yuko Kasapa, watu wanageuza vichwa.

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini, kama vile ni la aibu: chuo kidogo. Ni vyuo vya Kolwezi vya ualimu na vya ufundi kama ISTA, au chuo cha Wamethodisti kule Mulungwishi, kwenye njia ya Likasi. Wengi wanaviona kama mahali pa kukimbilia Lubumbashi ikishindikana. Fikra hiyo inawagharimu wazazi wa Sandoa pesa nyingi, na inawagharimu watoto miaka.

Tuanze na hesabu. Watu huuliza minervali tu. Lakini minervali si mzigo wote. Kuna kodi ya chumba, unga, mkaa, usafiri wa kila siku mjini, silabasi za kununua kwa kila somo, na safari ndefu ya kutoka Sandoa hadi Kasaji, Kolwezi, na kutoka hapo kushika njia ya Lubumbashi. Familia inauza mbuzi na pikipiki kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna tena cha kuuza. Mtoto anarudi nyumbani bila diploma, na deni linabaki. Mwaka mmoja wa jina kubwa haulingani na miaka mitatu iliyomalizika kwenye jina dogo.

Jambo la pili ni mtoto mwenyewe. Darasa la mwaka wa kwanza katika chuo kikubwa cha Serikali linaweza kuwa na mamia ya watu, wengine wamesimama mlangoni. Kijana aliyesoma sekondari ya kijijini, anayefikiri kwa Uruund au Kichokwe na kuandika Kifaransa kwa shida, anaingia pale na hakuna anayejua jina lake. Akikosa wiki mbili kwa malaria, hakuna anayemtafuta. Kwenye chuo kidogo mwalimu anaona kiti kitupu. Anauliza. Anamrudishia karatasi yenye makosa yaliyopigwa mstari. Kwa mtoto wa namna hiyo, kujulikana ndiko kunakomfanya asiache masomo.

Jambo la tatu ni aina ya elimu. Katika jimbo la Lualaba kila mtu anataka mtoto awe mhandisi wa migodi, kwa sababu shaba na kobalti ndizo zinazoonekana. Migodi inahitaji wahandisi, ndiyo. Ila Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni ziandikiane ahadi na jamii zinazoguswa, na zitoe angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Nani ataisoma mikataba hiyo? Nani atapiga hesabu ya hiyo 0.3%, aandike barua, asimame mbele ya wakubwa aseme bila kutetemeka? Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa kusoma, kuandika, kufikiri na kubishana kwa adabu.

Elimu pana ya namna hiyo inawezekana Afrika. Kule Ghana, Patrick Awuah aliacha kazi yake Microsoft, akafungua chuo cha Ashesi mwaka 2002 kwa wanafunzi 30 tu. Mwanafunzi wa kompyuta pale anajifunza pia uandishi na maadili. Mwaka 2008 wanafunzi wenyewe walikubaliana kufanya mitihani bila msimamizi. Udogo wa chuo ulisaidia: watu wanaojuana wanaogopa kudanganyana.

Lakini ukweli usemwe wote. Kuna vyuo vidogo visivyo na kitu. Profesa anatoka mbali, anafundisha somo la miezi kwa wiki mbili, anaondoka. Maabara hakuna, vitabu ni rafu moja. Vingine havina kibali, na diploma yake haitatambuliwa. Kwa hiyo udogo peke yake si sifa. Kabla ya kulipa, mzazi aulize: Kibali cha Serikali kiko wapi, na kinahusu masomo gani? Walimu wangapi wanakaa hapa hapa? Waliomaliza miaka iliyopita wako wapi leo? Na walioanza pamoja, wangapi walimaliza?

Mtoto anayetaka udaktari au uhandisi mkubwa, na mwenye alama nzuri, apelekwe Lubumbashi. Huko ndiko kwenye hospitali za kujifunzia na walimu wa fani hizo. Ila asiende bila ndugu wa kumpokea, wala bila pesa ya mwaka wa pili kuonekana.

Kwa familia zilizohama, zile zilizokimbia vita vya Kasai mwaka 2016 na 2017, na zile zilizofukuzwa Angola mwaka 2018, suala ni gumu zaidi. Wengine waliacha karatasi zote kwenye nyumba iliyoungua. Kwao chuo cha karibu mara nyingi ndicho mlango pekee, na si mlango mbaya. Kwanza wafuatilie ushahidi wa diploma ofisi ya elimu, maana matokeo ya Mtihani wa Serikali huandikwa. Pia mfumo wa LMD, ulioanza vyuoni mwaka 2021-2022, unahesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Aliyehama anaweza kuomba krediti zake zitambuliwe kwingine, mradi chuo alichotoka kina kibali na ametunza karatasi zake. Kuanzia padogo si kufungiwa padogo.

Serikali ya jimbo nayo isikae pembeni. Watoto wa Sandoa, Kapanga na Dilolo wasisafiri siku nyingi kutafuta mwalimu, wakati shaba ya jimbo hili inapita barabarani usiku na mchana.

Wazazi wakae na mtoto, wapige hesabu ya miaka yote, waulize maswali yao chuoni. Anayeuza shamba ana haki ya kujua ananunua nini.